Magari Matatu kwenye Kona Moja

Katika klabu ya magari ya Morogoro, Shamimu Kondo aliendesha na Eustace alizungumza. Ndivyo mwenyekiti wao, mzee Mwinjuma, alivyoigawa kazi, na wote waliona imegawanywa vizuri. Shamimu alikuwa na duka la matairi Kihonda, mwanamke mkimya, mwenye mikono iliyolijua gari kabla hata hajaliinamia. Eustace alikuwa na sauti. Akikaa kiti cha abiria, kamera imebandikwa kwenye kioo cha mbele, angeweza kukuelezea kona moja mpaka ukayasikia matairi yakilia nawe umelala zako kitandani Turiani.

Magari waliyoyapenda yalikuwa ya ukoo mmoja: madogo, mepesi, injini kali kuliko umbo, na yote yakivutwa na magurudumu ya mbele. Hawakufukuzana nayo barabarani. Waliyachukua mawili matatu, wakayapitisha mahali pamoja na dereva yuleyule, kisha wakabishana wiki nzima lipi limeshika njia na lipi limemdanganya mwenyewe. Video zao zilitazamwa na watu wengi, na wengi walimfuata Eustace.

Kabla ya Shamimu, dereva wa klabu alikuwa kaka yake, Athumani.

Athumani alikuwa na Runx ya rangi ya fedha, gari ambalo injini yake hulala ikizunguka taratibu na kuamka ghafla ukiikanyagia mafuta. Jumapili moja yeye na Eustace, waliokuwa marafiki wa kula sahani moja, walipanda nalo Mkuyuni kununua ndizi. Wakati wa kurudi, kwenye kona kali juu kidogo ya soko, gari lilirusha mkia, likajigeuza, likakivamia kibanda cha Bi Zainabu aliyekuwa akiuza mafenesi, kisha likalala mtaroni kwa ubavu wa kushoto. Bi Zainabu alivunjika mguu. Athumani aligonga kichwa na kuzimia. Eustace alitoka na mikwaruzo.

Watu wa sokoni walipofika, walimkuta Eustace amekwisha kumtoa mwenzake kupitia mlango wa dereva, maana ule mwingine ulikuwa chini ya gari. Alikuwa amekipakata kichwa cha Athumani, analia.

"Mimi nilikuwa nimelala," aliwaambia. "Athumani ndiye aliyekuwa anaendesha. Nimeshtuka tayari tuko mtaroni."

Aliyarudia maneno hayo polisi, akayarudia mahakamani. Athumani alipopata fahamu hospitalini hakukumbuka chochote cha siku ile, hata kwamba walinunua ndizi. Gari lilikuwa lake, mlango uliofunguliwa ulikuwa wa dereva, na rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa ameshasema. Akakiri kosa asilolikumbuka. Alifungiwa leseni, akapoteza kazi yake ya kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, akaishia kuziba pancha dukani kwa mdogo wake.

Hilo la pancha alilivumilia. Lililomla ni Bi Zainabu. Kila Jumapili alipanda Mkuyuni kumwomba msamaha. Siku ya kwanza wajukuu wa bibi walimtimua kwa mawe. Alirudi. Akatimuliwa tena, akarudi tena, hadi siku bibi aliposema, "Mwacheni apite, kama ameamua kuwa mzigo wangu basi abebe na kuni." Tangu hapo Athumani akawa anampasulia kuni na kumchotea maji. Watu wa pale walimwita Vunja Mguu. Akiitwa hivyo, aliitika.

Shamimu aliyaona hayo yote na hakuwa na wa kumlaumu. Wakati mwingine, Mungu amsamehe, alimlaumu kaka yake.

Kisha klabu ikaamua kulinganisha magari matatu: Swift Sport, Civic Type R na Runx. Shamimu alianza kuyazoea moja moja. Siku alipokuwa akiijaribu Civic upande wa Bigwa, mbuzi alikatiza barabara. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari likasimama pale pale, na mkanda ukambana kama aliyefungwa kamba. Jioni alipooga aliona alama nyeusi imeanzia kwenye mtulinga wa kulia, ikashuka kifuani kwa mshazari hadi kiunoni kushoto. Aliigusa, ikauma.

Alipotoka, Athumani alikuwa bombani kifua wazi, ananawa grisi. Shamimu alikuwa amelizoea kovu lile kiasi cha kutoliona tena. Sasa aliliona. Mtulinga uliovunjika ulikuwa umeunga vibaya na kutengeneza nundu, na kutoka hapo mstari mweupe ulishuka kifuani mpaka kiunoni. Nundu ilikuwa kwenye bega la kushoto.

"Kaka," alisema, "huo mfupa ulivunjwa na nini?"

"Mkanda. Daktari alisema mkanda ndio ulionivunja na ndio ulioniokoa." Athumani alijimwagia maji. "Kwa nini?"

"Basi tu."

Shamimu alitoka nje akaingia kwenye gari la kwanza alilolikuta uani. Alikaa kiti cha dereva, kulia, akavuta mkanda. Ulipita juu ya bega la kulia. Akahamia kiti cha abiria, akavuta mkanda wa pale. Ukapita juu ya bega la kushoto, juu ya mfupa uleule aliovunjika kaka yake. Alibaki ameushika mkanda mkononi, na kwanza hakuhisi hasira. Alihisi baridi. Hasira ilikuja baadaye, polepole, na ilipofika haikuondoka.

Alifikiria kwenda polisi. Lakini alikumbuka Eustace alivyosimama mahakamani na kitambaa cha machozi mkononi, jinsi kila mtu alivyomhurumia. Ulimi ule ungepata njia. Na zaidi ya hapo, Shamimu alitaka kitu ambacho polisi hawangempa. Alitaka Eustace aogope. Alitaka akae kiti kile cha kushoto, afungwe mkanda ule, alipitie lile alilompitisha mwenzake, macho wazi. Shamimu hakumwambia kaka yake neno.

Kikao cha klabu kilipojadili mahali pa kufanyia majaribio, ni yeye aliyesema, jambo lililowashangaza kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusema.

"Kona ya Mkuyuni. Barabara mpya imepita chini, ile ya zamani imeachwa. Hakuna gari linalopita tena."

Eustace alicheka kidogo. "Dada Shamimu, pale si pana kumbukumbu mbaya kwenu? Mimi nakuonea huruma wewe."

"Usinionee huruma. Ndiyo kona nzuri kuliko zote tulizonazo."

Mzee Mwinjuma alikubali. Mbele ya watu wote, Eustace hakuwa na namna ya kukataa.

Jumamosi iliyopangwa, asubuhi, ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba, lakini lami ilikuwa kavu. Mwinjuma aliwapanga watu wasimame upande wa juu wa barabara, mbali na njia ya magari. Walikuja wanaklabu, wakaja na watu wa sokoni, na Bi Zainabu akaletewa kigoda kwa sababu nyumba yake ilikuwa hapo hapo. Athumani alisimama nyuma ya kigoda chake. Shamimu ndiye aliyemwomba aje, akasema anahitaji mtu wa kuangalia upepo wa matairi. Shughuli nzima ilirushwa mubashara.

Walianza na Swift. Eustace alijifunga mkanda, akaitazama kamera, na sauti yake ikatoka kama kawaida. "Wapendwa, hili ni jepesi kuliko yote. Linaruka kama panzi. Tuone dada yetu atalifanya nini."

Shamimu alipita mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili aliongeza mwendo, na katikati ya kona aliinua mguu kwenye mafuta, kidogo tu. Uzito ulikimbilia mbele, mkia ukawa mwepesi, ukacheza. Akaurudisha kwa usukani.

Eustace alishika mpini wa juu ya dirisha. "Naam," alisema. "Mkia una utani."

"Waeleze kwa nini," alisema Shamimu.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini mkia unakuja. Wewe ndiye msemaji."

Eustace aliigeukia kamera. "Gari la kuvutwa mbele, ukilikanyagia mafuta kwenye kona, pua inakimbilia nje. Dereva mwoga akiona hivyo anaachia mafuta ghafla. Hapo nyuma inakuja mbele. Si kosa la gari, ni kosa la mguu."

"Mguu wa mwoga."

"Ndiyo. Wa mwoga."

Civic ilikuwa habari nyingine. Ilishika njia kama iliyopigiliwa misumari, na kila Shamimu alipoongeza mafuta, pua iliingia ndani badala ya kukimbia. Eustace alipata nguvu. Akaisifu injini, akausifu usukani, akawatania watazamaji wa Dodoma. Shamimu alimwacha aseme. Alipogeuza gari kwa mara ya mwisho alisema, "Sasa waone na hili likiachiwa."

"Hapana haja, Shamimu. Wameshaelewa."

Shamimu aliingia kwenye kona kwa kasi iliyomfanya mzee Mwinjuma ashushe miwani, kisha akaachia mafuta yote kwa mkupuo. Nyuma ya gari ilifagia barabara nzima. Mtaro ukawa mbele ya kioo, ukapita, migomba ikapita, na Eustace akajinyoosha mbele ya kifua cha Shamimu, akalishika bega lake la kulia kwa mikono miwili. Gari lilisimama limetazama lilikotoka. Bega lilikuwa lile lenye alama. Shamimu aliyasikia maumivu na karibu afurahi.

"Niachie bega," alisema.

Aliachia. Uso ulikuwa umemlowa jasho.

Nje watu walikuwa wanapiga makofi, wakidhani ni ufundi wa maonyesho. Shamimu aliivua kamera mwenyewe kwenye Civic, akatembea hadi kwenye gari la tatu na kuibandika kwenye kioo. Ilikuwa Runx ya rangi ya fedha. Aliitafuta mwenyewe, na aliinunua kwa ajili ya siku ile. Alifungua mlango wa kushoto akabaki ameushika.

"Panda."

Eustace alisimama mbali kidogo, akijifuta shingo. "Hili mpande wengine. Mimi nitalielezea nikiwa nje."

"Umepanda mawili, la tatu linakushinda nini?"

"Nimechoka. Kichwa kinazunguka."

"Eustace," mzee Mwinjuma aliingilia, bado akiwa na uso wa kutania, "mwanangu, watu wanasubiri. Hili ndilo gari unalolijua kuliko yote."

"Nimesema sipandi, mzee."

Alilisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, nyembamba, na makofi yakakatika. Shamimu alifungua vifungo viwili vya juu vya shati lake. Chini yake alivaa fulana, na alama ya mkanda ilionekana wazi juu ya mtulinga wa kulia, sasa imekuwa ya zambarau.

"Hii niliipata nikiwa kwenye usukani," alisema. Hakupaza sauti, lakini pale juu palikuwa pametulia. "Dereva anakaa kulia, mkanda unamkamata bega la kulia. Kaka, njoo. Vua shati."

Athumani alimtazama. Hakuelewa bado, lakini alikuwa mtu aliyezoea kutii mbele ya watu wale. Alivua shati. Nundu ilionekana, na mstari mweupe ukishuka.

"Bega gani hilo?" Shamimu aliuliza.

Mwanamke mmoja wa sokoni aligusa bega lake mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, na akaziba mdomo.

Mzee Mwinjuma alimgeukia Eustace. "Ulikuwa umekaa wapi siku ile?"

"Mzee, hayo mambo yamepita. Mahakama ilishaamua."

"Sikukuuliza mahakama."

Eustace alizitazama simu zilizoinuliwa, akaitazama kamera ndani ya Runx iliyokuwa ikiwaka taa yake nyekundu. Pengine angepata la kusema, kama Athumani asingemsogelea, shati mkononi, na kumuuliza kwa upole kabisa, "Eustace, nilikuwa nimelala mimi?"

Hapo Eustace alikaa chini kwenye lami.

"Ulikuwa unatafuta stesheni kwenye redio," alisema. "Nilikuomba uniachie niendeshe, ukaniachia. Niliogopa kona, nikainua mguu."

"Ukasema ni mimi."

"Ulikuwa hupumui vizuri. Damu zilikuwa zinakutoka masikioni. Nilijua huponi. Nikasema moyoni, maiti haifungwi." Alianza kulia, na safari hii hakuwa na kitambaa. "Kisha ukapona. Ningesemaje tena?"

Bi Zainabu aliinuka kwenye kigoda kwa msaada wa fimbo. Watu walimpisha. Alimpita Eustace bila kumtazama, akasimama mbele ya Athumani.

"Kuni zote zile, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unanipasulia kwa kosa la mtu mwingine?"

"Sikujua, bibi."

Ndipo akageuka. "Na wewe hukuniletea hata ukuni mmoja."

Shamimu alikuwa bado ameushika mlango wa Runx. "Panda," alimwambia Eustace. "Hatujamaliza."

"Shamimu, inatosha," alisema mzee Mwinjuma.

"Haijatosha. Kaka yangu alipanda. Na yeye apande, tupite mara moja tu."

Alimaanisha, na kila aliyemwona alijua anamaanisha, na kwamba mara hiyo huenda asingeurudisha usukani. Athumani alikuja akachomoa ufunguo. Alivaa shati lake na kuteremka kwa miguu kuelekea sokoni, ufunguo ukiwa mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Shamimu aliporudi nyumbani jioni ile, Athumani alikuwa ameketi barazani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mbuzi."

"Na Jumapili iliyofuata ukaniacha nipande Mkuyuni nikaitwe Vunja Mguu, na unajua."

Shamimu aliketi kwenye ngazi ya baraza. "Nilitaka ashikwe mahali asipoweza kuongea," alisema.

"Ulitaka yako. Ungeniambia mimi kwanza, ningelala usingizi siku ile ile. Badala yake umenivua shati mbele ya watu kama mbuzi wa mnada."

"Nimekusafisha jina."

"Umenisafisha, ndiyo, na ninakushukuru. Lakini ulikuwa tayari kumuua, tena mbele yangu. Hilo usingenifanyia mimi, Shamimu. Ungejifanyia mwenyewe."

Kesi ilifunguliwa upya. Video ilionekana na watu wengi kuliko zote ambazo Eustace aliwahi kutengeneza, na safari hii mahakama haikumhurumia. Alifungwa kwa uendeshaji wa hatari na kwa kuwadanganya polisi. Hukumu ya Athumani ilifutwa, leseni ikarudi, na baada ya muda akapata tena basi la kuendesha, la wafanyakazi wa kiwanda kingine. Mkuyuni aliendelea kwenda. Wajukuu wale waliomtupia mawe sasa walimwamkia shikamoo na kumpokea mzigo, na jina lile likafa.

Kabla ya Ramadhani, mzee Yakobo, baba mdogo wa Eustace, alikuja Kihonda na wazee wawili. Walikaribishwa, wakapewa chai, wakaulizana hali za nyumbani kwa utaratibu. Kisha mzee Yakobo akavua kofia.

"Tumekuja kuomba radhi," alisema. "Kijana amekonda huko ndani. Anasema kifungo anakiweza, kisichomwacha alale ni ninyi."

Athumani hakuchelewa kujibu. "Mimi nimemsamehe, mzee. Mwambieni ale. Akitoka aende kwanza kwa Bi Zainabu, halafu aje kwangu."

Wazee wakashukuru, wakamgeukia Shamimu. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha grisi mkononi.

"Na wewe, binti yangu?"

"Shikamoo, mzee," alisema Shamimu, maana hakuwa amewaamkia bado.

"Marahaba."

"Kaka amesamehe lake. Ana haki. Mimi sijasamehe, na sitawadanganya mrudi na uongo njiani. Yeye alimtazama mtu anakata roho akaona nafasi. Kila nikifunga macho namwona anakokotoa."

"Hasira nayo ni moto, mwanangu. Humchoma aliyeibeba."

"Inanichoma, mzee. Najua. Nimeibeba kwa hiari yangu."

Mzee Yakobo alivaa kofia yake taratibu. Hakumshurutisha. Athumani aliwasindikiza wageni hadi barabarani, akawasimamishia bajaji, akasimama nao wakizungumza mambo ya mvua.

Shamimu alikusanya vikombe akavipeleka ndani. Aliporudi dukani palikuwa na mteja anasubiri, mwalimu mmoja wa sekondari, gari lake linavuta kushoto. Shamimu alipiga goti, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, akamwambia alirudishe nyuma kidogo.